Dada Yangu, Aliyebandika Kila Chombo Kasoro Yake

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu mliofundisha naye na wanafunzi aliowafundisha, kwa niaba ya familia naomba mkae, na mliosimama juani sogeeni kwenye kivuli cha ukuta, kwa sababu haya nitakayoyasoma ni marefu kidogo na sitaki mtu aanguke nikiwa katikati. Mimi ni mdogo wake marehemu wa tumbo moja, dalali wa mnada wa samani zilizotumika, shule niliishia kidato cha pili muhula wa kwanza, lakini kwa habari za dada yangu hakuna profesa atakayenizidi, kwa kuwa yote nitakayoyasema niliyaona mwenyewe kwa macho haya mawili, sikusimuliwa.

Dada yetu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Aprili 1962, saa kumi na mbili na robo asubuhi, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu fundi saa, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na kama kuna anayepiga hesabu hapo na kunong'ona kwamba mimi nilizaliwa 1969, namwambia kwamba mama yetu mshonaji alilisimulia jambo hilo mara nyingi mno hivi kwamba naijua hadi rangi ya beseni, lilikuwa la bluu, na ile robo saa tunaijua kwa sababu baba alitazama saa tatu zilizokuwa mezani zikisubiri matengenezo, kila moja ikasema lake, akazijumlisha, akagawa kwa tatu, ndipo akaandika.

Duka lenyewe lilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, ndani meza yenye kioo juu, taa ya shingo ndefu, droo kumi na nne za skrubu ndogo ambazo ukipiga chafya umepoteza mchana mzima, na ukutani saa kubwa ya mbao ambayo baba hakuirekebisha maisha yake yote, aliibandika tu karatasi iliyoandikwa "Inawahi dakika sita", na mtaa mzima uliitumia, muuza mkate, mshona viatu, walinzi wa benki, wote wakipita walitazama, wakapunguza sita, wakaenda zao. Dada alipokuwa na miaka minane alimuuliza baba kwa nini haitengenezi, na baba bila kuondoa kioo jichoni akamjibu, "Mwanangu, saa inayokosea kila siku kiasi kilekile haijaharibika, imekwambia tabia yake, inayonitia wasiwasi mimi ni ile isiyo na karatasi." Nilikuwa na mwaka mmoja siku hiyo, mgongoni mwa mama, nakumbuka vizuri.

Baba alikuwa pia na daftari la safu mbili, kushoto "Nilidhani", kulia "Nilikuta", na sheria yake ilikuwa kwamba hakuna kufungua mgongo wa saa kabla hujajaza kushoto, ukidhani springi imekatika andika springi, kisha fungua, na ukikuta ni uchafu tu andika uchafu, mbele ya mwenye saa, bila kufuta. Dada ndiye aliyekabidhiwa daftari hilo tangu alipojua kuandika, na siku moja tulikaa sakafuni mimi na yeye tukahesabu kurasa za mwaka mzima, tukakuta kwamba baba yetu, fundi bora kuliko wote mtaani, alikuwa amedhani vibaya karibu nusu ya mara zote, mimi nikaona aibu nikataka kuzichana zile kurasa, dada akanipiga kofi mkononi akasema, "Redio, ukizichana hizi ndipo atakuwa fundi mbovu." Redio ni mimi, jina alilonipa yeye kwa kuwa, alivyodai, sina kitufe cha kuzima.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi Januari 1969, mwaka uleule niliokuja mimi duniani, hivyo nyumba yetu ilipata furaha mbili, akamaliza mwaka 1975, akaingia sekondari Januari 1976 na kuhitimu mwaka 1981, kisha Septemba 1982 akajiunga na chuo cha ualimu kusomea fizikia na kemia, akiwa mmoja wa wasichana wanne tu katika darasa la watu thelathini na sita, akatunukiwa cheti chake tarehe 15 Juni 1984. Huko chuoni alikuwepo kijana mrefu, shati amelifunga hadi kifungo cha juu hata siku za joto, mtoto wa karani wa mahakama, ambaye wenzake walimwita Kanuni, aliyekulia katika nyumba yenye majalada hadi uvunguni mwa kitanda, ambako jambo likishaandikwa, likasainiwa na kugongwa muhuri, limekwisha, asiyeridhika akate rufaa. Yeye na dada yangu hawakupendana hata kidogo, nilimtembelea dada chuoni mara mbili, na mara zote mbili niliwaona wakipishana koridoni kama watu wanaodaiana salamu.

Kuhusu kazi, tarehe 4 Februari 1985 marehemu aliripoti katika shule ya sekondari ya kutwa iliyoko juu mlimani, ile yenye ngazi mia na kumi kutoka barabarani, na kwa mipango ya wizara ambayo haimwulizi mtu, Kanuni akapangiwa shule hiyohiyo, wiki hiyohiyo, somo hilohilo, maabara moja kati yao. Mimi si msomi, lakini niliwatazama miaka mingi na nasema hivi, wote wawili walipita chuo kimoja, walisoma kitabu kimoja, walipasi mtihani mmoja, ila walipoingia darasani kila mmoja alifundisha sebule ya baba yake. Kwa Kanuni sayansi ilikuwa hukumu zilizokwishatolewa, mwanafunzi kazi yake kuzinakili bila kosa, na kwa dada yangu sayansi ilikuwa meza ya fundi, ambapo hakuna kilichofika kikiwa kizima na hakuna aliyeaminiwa kabla ya kufungua. Wiki ya kwanza tu dada alipima kila chombo cha maabara ile na kukibandika karatasi, "Mizani hii inazidisha gramu mbili", "Kipimajoto namba mbili kinazidisha nyuzi mbili", "Bomba hili linavuja ukilifungua haraka", hadi stuli ya mwalimu ikaandikwa kwamba inaegemea kushoto.

Sasa nifike siku ya Alhamisi, tarehe 16 Juni 1988, siku ambayo mkaguzi alikuja, na mimi nilikuwepo, maana nilikuwa nimepata kibarua cha kupaka rangi fremu za madirisha ya maabara, rangi ambayo hadi leo haijabanduka, nendeni mkaangalie. Mkaguzi aliingia darasa la Kanuni akakuta madaftari arobaini na moja, na katika yote maji yamechemka kwenye nyuzi mia moja kamili, akatabasamu, akatia saini. Akavuka kwa dada yangu, akamsimamisha binti wa mstari wa mbele, akamuuliza maji huchemka nyuzi ngapi, na yule binti kwa adabu zote akauliza, "Kwa kipimajoto kipi, mheshimiwa?" Darasa zima halikucheka, hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, na binti akaendelea kumweleza kwamba hapa kwetu ni tisini na sita, namba mbili itakuonyesha tisini na nane lakini hiyo inazidisha, imeandikwa pale, na kwamba kitabu kinasema mia kwa sababu aliyekiandika alikuwa chini, usawa wa bahari, sisi tuko juu na hewa ni nyepesi. Mkaguzi akamgeukia dada akamuuliza kama hivi ndivyo anavyolipwa kufundisha, kwamba vitabu vya serikali ni vya uongo na vifaa vya serikali ni vibovu, dada akamjibu taratibu, "Si vibovu, mheshimiwa, vina tabia, na tumeziandika." Nilikuwa nje ya dirisha, brashi mkononi, na nusura niingie nimsaidie kujibu, ila nilikuwa juu ya ngazi.

Jumatatu iliyofuata dada aliondolewa maabara, akapewa ufunguo wa stoo ya vitabu, na karatasi zake zote zikabanduliwa kwa amri. Alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kwenye kiti cha baba, baba alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, akaniambia, "Redio, wameondoa karatasi tu, mizani bado inazidisha," na hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kuona chozi la dada yangu.

Kilichofuata nilikiona pia, kwa kuwa fremu zilihitaji kupakwa rangi mara ya pili. Jumamosi moja ya Agosti, shule imefungwa, Kanuni alikuja peke yake na birika, jiko la mafuta ya taa na vipimajoto vyote sita, amefunga kifungo chake cha juu, akajifungia maabara ili apate uthibitisho wa maandishi kwamba dada amekosea. Alichemsha mara ya kwanza, akatikisa kipimajoto, akachemsha tena, akabadilisha maji, akabadilisha birika kwa sufuria ya jikoni kwa mpishi wa shule, na saa nane mchana niliona kupitia kioo mwanaume mzima amekaa kwenye ile stuli inayoegemea kushoto, ameshika kichwa, mvuke umejaa chumba kizima. Kisha akatoa kalamu, akaandika barua kwa mkaguzi, nakala kwa mkuu wa shule, nakala kwa marehemu, akieleza kwamba maji katika shule hii huchemka nyuzi tisini na sita, na kwamba madaftari yake arobaini na moja yote yalinakiliwa kutoka kitabuni kwa idhini yake, akasaini, akagonga muhuri wa idara. Ile nakala alimpelekea dada mkononi, pale stoo, na dada aliisoma hadi mwisho, akakata kipande cha karatasi, akaandika, akambandika mfukoni mwa shati, "Hufuata kitabu. Anarekebishika." Karatasi hiyo shemeji yangu anayo hadi sasa, ndani ya jalada, na ina nambari ya kumbukumbu.

Hivyo, baada ya barua hiyo kuzunguka maofisini zaidi ya mwaka, marehemu alirudishwa maabara tarehe 8 Januari 1990, na Jumamosi tarehe 1 Desemba mwaka huohuo akafunga ndoa na Mwalimu Kanuni, mimi nikiwa mshereheshaji, shughuli ambayo watu wanaizungumzia bado. Walibarikiwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1992, ambaye leo ni karani wa masjala, na mvulana aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1995, ambaye ni fundi majokofu, kwa hiyo mnaona damu haikupotea njia. Wenyewe waliitana "mwalimu" maisha yao yote, mwalimu leta chumvi, mwalimu umefunga mlango, na naomba ieleweke kwamba si mmoja tu aliyerekebishwa, maana kwa mumewe dada alijifunza kuweka kumbukumbu kwa nakala tatu, na alijifunza kukiheshimu kitabu, akawa anawaambia wanafunzi kwamba kitabu nacho ni vipimo vya watu waliotutangulia, walioungua vidole kama sisi.

Mwaka 1997 aliteuliwa mkuu wa idara ya sayansi, na kila mwalimu mpya aliyeletwa hakumuuliza alipata daraja gani chuoni, alimuuliza kwao walikuwa wakifanya kazi gani, na wengi walidhani ni umbea. Kumbe ndani ya mlango wa kabati la vifaa alikuwa akiandika kwa penseli, mtoto wa mkulima, anavumilia jaribio la wiki tatu lakini hapendi kulirudia, mtoto wa muuza duka, hukadiria upesi, akague tena, mtoto wa mhubiri, huanza na jibu halafu hutafuta swali, mtoto wa muuguzi, huosha vyombo vizuri, huogopa kukosea mbele ya watu. Hakuandika ili kumdharau mtu, aliwaonyesha wenyewe, wakacheka, wakabishana, wengine wakanuna, kisha wakaanza kujiangalia wanavyofundisha. Na mstari wa juu kabisa ulikuwa wake mwenyewe, "Mtoto wa fundi saa, haogopi kufungua, hukawia kuamini." Alistaafu tarehe 9 Aprili 2022, na mlango huo wa kabati walimu waliung'oa wakampa kama zawadi, uko sebuleni kwao, mtauona mkienda kunawa mikono.

Nimefika mahali ambapo binti yake, mpwa wangu karani, aliniomba nipapite haraka, akaniambia, "Mjomba, hayo si ya kusomwa mbele za watu," nami namwelewa, lakini aliyeniagiza niyasome ni mama yake. Novemba 2022 marehemu alianza kusikia maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, na nguo zikaanza kumpwaya. Shemeji, ambaye ni mtu wa maandishi, alimwambia wiki hiyohiyo, "Mwalimu, nenda hospitali ukaandikiwe," naye akamjibu, "Mwalimu, bado sina vipimo vya kutosha." Akafungua daftari, kushoto "Nilidhani", kulia "Nilikuta", akaandika anadhani ni uchovu wa kustaafu, akaanza kujipima joto na uzito kila asubuhi, kwenye mizani ya bafuni aliyokuwa ameibandika kwamba inazidisha kilo moja na nusu, na kila uzito uliposhuka alisema huenda ni mizani, akaazima ya jirani, ikashuka nayo, akasema zirudiwe. Mazungumzo hayo, mwalimu nenda, mwalimu bado, yalichukua miezi saba, nilikuwa nikiyasikia kila Jumapili mezani kwao, na mimi mwenye mdomo unaouza kabati bovu kwa watu wenye akili zao nilishindwa kumuuzia dada yangu safari ya dakika ishirini.

Jumatatu tarehe 19 Juni 2023 alikubali. Daktari alimuuliza hali ilianza lini, naye akamkabidhi daftari lenye vipimo mia mbili na kumi na moja, yule daktari akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema, "Mwalimu, sijawahi kuletewa kumbukumbu safi kama hizi, ningezihitaji mwezi wa kwanza." Ilikuwa saratani ya ini, imekwishasambaa. Dada alichukua daftari lake, na kulia, chini ya "Nilikuta", akaandika, "Nilikawia kuamini. Mwenzangu alikuwa sahihi," akampa shemeji alisome, na shemeji yangu, ambaye maisha yake yote hakuna maandishi aliyoyapinga, aliomba kalamu ayafute, dada akamkatalia, akamwambia daftari hili halifutwi. Naomba hapa nimtazame shemeji na kumwambia mbele ya wote kwamba kosa si lako, limeandikwa lilipo, na aliyeliandika ni mwenyewe.

Aliugua miezi tisa kasoro siku chache, akapata matibabu kwa awamu nne, akapungua hadi pete ikahamia dole gumba, na bado aliwaita walimu vijana kitandani awaulize wamepima nini wiki hii. Aliniita na mimi Februari, akanipa kazi ya kuandika historia hii, nikamwambia dada, una mume mwalimu mtoto wa karani, una binti wa masjala, kwa nini mimi, akanijibu, "Kwa sababu wewe nakujua unavyozidisha, wengine sijawapima." Akasema niandike kosa lake kama alivyoliandika yeye, mtu akifundisha miaka thelathini na saba kwamba makosa hayafutwi halafu lake likafutwa siku ya mazishi, basi alikuwa anapoteza muda wa watoto wa watu. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka dirishani, zikiwa zimebaki siku ishirini na nane atimize miaka sitini na miwili, mimi nikiwa nimekaa kulia kwake nimemshika mkono, akafungua macho akasema, "Redio, leo umewahi," akatabasamu, akaondoka.

Familia inamshukuru daktari aliyemweleza ukweli bila kuuzungusha, wauguzi wa wodi kwa mikono yao ya upole, majirani wa ukuta wa kulia waliomwazima mizani yao na baadaye wakaleta uji kila asubuhi bila kuombwa, walimu wote wa idara ya sayansi, wanafunzi wa miaka yote, na yule binti wa mstari wa mbele, ambaye leo ni mkaguzi, nimemwona amekaa pale nyuma, asante kwa kuja.

Nilipewa bahasha pamoja na kazi hii, nikaambiwa niifungue nikimaliza kuandika, na ndani mlikuwa na karatasi moja ndogo yenye gundi nyuma, kwa mwandiko wake, "Mdogo wangu. Huzidisha. Atawaambia wapi." Nimeibandika juu ya ukurasa huu, wa mbele wanaiona. Basi niwaambie wapi. Sikuwepo. Asubuhi ile nilikuwa mnadani nauza kabati la milango miwili, nimewakusanyia wanunuzi hadithi ndefu ya mahali lilikotoka, simu ikaita mara tatu nikaiacha kwa kuwa hadithi ilikuwa imefika patamu, na nilipofika wodini shuka lilikuwa limekwishavutwa. Dada yangu hakusema kwamba nimewahi, hayo niliyatunga mimi, mengine yote yako kama yalivyo. Aliyekuwa naye ni muuguzi, shemeji alikuwa ameshuka kufuata dawa, na muuguzi ameniambia kwamba alichouliza ni saa ngapi, akajibiwa saa nne na dakika tano, akauliza tena kwa sauti ndogo kama hiyo saa ya ukutani iliwahi kupimwa, muuguzi akasema hajui, na hakuongea tena.

Nimerudi wodini jana na saa mbili za baba, nimeipima ile ya ukutani, inachelewa dakika tatu. Nimeibandika karatasi, muuguzi ameniruhusu. Kwa hiyo pale niliposoma saa nne na dakika kumi, ndugu zangu, wekeni na kumi na tatu. Pumzika, dada, amani uipate kamili, na safari hii nimekawia mimi.